Mchungaji Anajibu: Maisha ya Usharika kwa Vijana Wanaojitolea Ujerumani

Barua tatu tunazozijibu safari hii zote zinahusu vijana wa Tanzania wanaokwenda Ujerumani kujitolea kwa mwaka mmoja. Mpango wa Kijerumani wa weltwärts, ambao awali ulikuwa wa kuwapeleka vijana wa Kijerumani nje ya nchi yao, tangu mwaka 2013 unawapokea pia vijana kutoka kwetu wenye umri kati ya miaka 18 na 28, na wengi wao hupitia makanisa yenye uhusiano wa siku nyingi na dayosisi zetu.

Swali. Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni Mlutheri kutoka Dayosisi ya Kaskazini. Tangu mwezi wa nne ninajitolea katika shule ya chekechea ya halmashauri, kwenye mji mdogo wa jimbo la Sachsen, mashariki mwa Ujerumani. Nyumbani niliimba kwaya ya vijana na nilifundisha shule ya Jumapili. Huku kanisa liko karibu na ninapoishi, lakini Jumapili nyingine ninakuta mlango umefungwa, na ninapokuta ibada tunakuwa watu wachache, wengi wao wazee. Hakuna anayewaomba wageni wasimame wajitambulishe, na baada ya saa moja kila mtu anarudi kwake. Walionitafuta ni wale tu walioniomba nivae kitenge na kupiga ngoma kwenye sherehe yao. Tena usharika wangu wa nyumbani umeniandikia kwamba niwaeleze wenyeji wangu habari za paa la kanisa letu. Nifanyeje ili niwe mshiriki wa kweli, nisibaki kuwa mgeni wa kutazamwa? — Binti wa Old Moshi

Jibu. Amina, binti yangu. Barua yako imenigusa, kwa sababu huombi kuburudishwa, bali unatafuta mahali pa kutumika, na hamu ya namna hiyo haipaswi kufifia kwa kukosa maelekezo.

Nianze na lile ninaloliona kuwa kubwa kuliko mengine. Katika sharika za Ujerumani, na hasa za upande wa mashariki, watu hawajuani kwa sababu ya kukaa pamoja kanisani Jumapili asubuhi. Wanajuana kwa sababu ya kazi ndogo ndogo wanazozifanya pamoja katikati ya juma. Kwetu Jumapili inabeba karibu kila kitu: ibada, kwaya moja baada ya nyingine, matangazo marefu, mnada wa ndizi na kuku nje ya kanisa, na mazungumzo ambayo huendelea hadi mchana, kiasi kwamba mgeni aliyekuja mara mbili tayari anaulizwa ni mtoto wa nani na anasali jumuiya gani. Huko unaweza kukaa kwenye benchi lile lile mwaka mzima, ukasalimiwa kwa adabu na mchungaji mlangoni, na bado hakuna anayejua kwamba unaimba sauti ya pili. Hawakukatai. Hawana desturi ya kumwita mtu mbele ya watu, na wengi wao wangeona ni kukosa heshima kumsimamisha mgeni ambaye hakuomba kusimamishwa.

Mlango uliofungwa nao una sababu yake. Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, ambalo ni muungano wa makanisa 20 ya majimbo, lilikuwa na washiriki wapatao milioni 18.6 mwishoni mwa mwaka 2023, na hesabu hiyo hupungua kila mwaka. Kwa ajili hiyo sharika nyingi za vijijini na za miji midogo zimeunganishwa, mchungaji mmoja anahudumia makanisa kadhaa, na ibada inahama: Jumapili hii iko kwenu, Jumapili ijayo iko kijiji cha jirani. Ratiba hubandikwa kwenye ubao wenye kioo ulioko nje ya kanisa, na pia huchapishwa katika jarida dogo la usharika liitwalo Gemeindebrief, ambalo hupatikana bure kanisani. Lichukue, kaa nalo pamoja na mtu wa nyumba unayoishi, na uweke alama kwenye kila kitu kinachofanyika kati ya Jumatatu na Jumamosi. Kama ibada iko kijiji cha pili na huna usafiri, piga simu ofisi ya usharika uulize ni nani anayeweza kukupitia kwa gari. Hilo ni ombi la kawaida huko, na mara nyingi ndiyo njia ya kwanza ya kumfahamu mtu.

Kuhusu wazee unaowaona kanisani, ninakuomba uwatazame kwa heshima ya pekee. Sachsen ilikuwa ndani ya Ujerumani Mashariki, dola ya kikomunisti iliyodumu kuanzia mwaka 1949 hadi 1990, na kuwa Mkristo waziwazi kulikuwa na gharama. Mwaka 1952 na 1953 serikali iliwaandama vijana wa kanisa, na wanafunzi wengi walifukuzwa shule kwa kukataa kuachana na vikundi vyao vya sala. Mwaka 1954 ilianzishwa sherehe ya kiserikali ya vijana ili ishike nafasi ya kipaimara, na mtoto aliyeikataa aliweza kunyimwa nafasi ya kuendelea na masomo ya juu. Vizazi viwili vilikua katika hali hiyo, na ndiyo maana leo watu wengi wa jimbo hilo hawana kanisa lolote, wala si kwamba waliliacha, kwa kuwa hata wazazi wao hawakuwa nalo. Bibi aliyekaa benchi la mbele yako huenda alibaki peke yake darasani mwake akiwa na umri wa miaka 14. Lugha yako ikishaimarika kidogo, muulize habari za kipaimara chake. Ukipata siku ya kwenda Leipzig, jitahidi iwe Jumatatu, uhudhurie sala ya amani ya saa kumi na moja jioni katika kanisa la Mtakatifu Nikolai. Sala hizo zilianza mwaka 1982, na kutoka kwenye sala za tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliingia barabarani kwa amani, na haikupita hata miezi miwili kabla utawala ule haujaporomoka. Walianza wakiwa wachache sana, kama hao unaosali nao.

Sasa nije kwenye milango ya katikati ya juma, ambayo ndiyo hasa ninayotaka uipite. Wa kwanza ni kikundi cha vijana, ambacho mashariki bado kinaitwa Junge Gemeinde, jina lile lile la vijana walioandamwa enzi zile. Kwa kawaida hukutana jioni moja ya juma katika nyumba ya usharika, hupika pamoja, husoma Neno, hucheza na hujadiliana hadi usiku. Wengi watakuwa wadogo kwako, pengine miaka 15 au 17, lakini ndio watakaokusamehe sarufi yako upesi kuliko watu wote. Wa pili ni kwaya. Kila eneo lina mwanamuziki wa kanisa mwenye kazi ya kuongoza kwaya za sharika zake, na kwaya ya Kijerumani huimba kwa noti, polepole, kwa mazoezi yasiyopungua mara moja kwa juma. Usipojua kusoma noti, omba ukae kando ya mwimbaji mzoefu na umsikilize. Wa tatu ni kikundi cha tarumbeta, Posaunenchor, ambacho hata mji mdogo huwa nacho. Wanapokea wanaoanza, wanawafundisha bila malipo na kuwaazima chombo, na wazee kwa watoto hupuliza safu moja. Wewe umekulia Kilimanjaro, ambako tarumbeta za kanisa zinajulikana, kwa hiyo hutahitaji kuambiwa maana yake. Mwaka mmoja unatosha kufikia kupuliza nyimbo rahisi za Majilio makaburini au sokoni pamoja nao.

Chagua kimoja tu, na usikose. Ninasisitiza hilo kwa sababu vijana wengi wanaojitolea huonja kila kitu kwa mwezi mmoja kisha hawarudi, na wenyeji wakiona hivyo huona hawana sababu ya kujifunza jina la mtu anayepita. Ukija kila Jumatano, mvua inyeshe au theluji ianguke, baada ya muda mfupi watakuuliza ulikuwa wapi siku ya kwanza utakayokosa, na kuanzia siku hiyo wewe ni mwenzao. Zaidi ya hapo, jitolee kwa jambo dogo la kudumu ambalo halihitaji maneno mengi, kama vile kupanga vitabu vya nyimbo kabla ya ibada, au kumimina kahawa pale inapoandaliwa baada ya ibada na kuosha vikombe pamoja na akina mama. Kwenye kuosha vikombe watu husema mambo ambayo hawayasemi kanisani.

Lugha isikutishe. Mpangilio wa ibada utautambua, maana waliouleta Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig, na tuni nyingi za nyimbo zetu zilitoka kwao. Namba za nyimbo zinawekwa ukutani, nawe unaweza kuimba tuni moja kwa moyo wote kabla hujaelewa maneno. Jifunze kwa kichwa Sala ya Bwana na Imani ya Mitume kwa Kijerumani katika majuma ya mwanzo, ili uyatamke pamoja na wengine bila kutazama karatasi. Kwenye Meza ya Bwana, sharika nyingi husimama kwa nusu duara kuzunguka madhabahu badala ya kupiga magoti, na yeyote aliyebatizwa hukaribishwa. Angalia anavyofanya aliye kushoto kwako. Sadaka ni ya kimya, hakuna bahasha zenye majina wala mnada, na sarafu chache kutoka kwenye posho yako hazitamshangaza mtu yeyote.

Kuhusu kitenge na ngoma: si vibaya kuvaa kitenge, na si vibaya kupiga ngoma, iwapo unavijua na unavipenda. Lakini wapo vijana ambao nyumbani hawajawahi kugusa ngoma, na walipofika Ulaya wakalazimika kuipiga kwa sababu ndicho walichotarajiwa kufanya. Usikubali hilo. Waambie kwa upole kwamba ungependa kuifundisha kwaya yao wimbo mmoja wa Kiswahili katika mazoezi ya majuma kadhaa, kisha siku ya sherehe muimbe wote, wewe ukiwa ndani ya safu. Wakikuomba ueleze habari za Afrika, eleza habari za usharika wako: jinsi jumuiya inavyokutana nyumba kwa nyumba, jinsi msiba unavyobebwa, na hata matatizo yaliyopo. Hayo unayajua. Kuhusu Afrika nzima hakuna anayeweza kueleza jioni moja, na wenyeji waungwana watalipokea jibu hilo vizuri.

Jambo la paa ni zito zaidi, na hapa ninasema na wazee wa kanisa wa usharika wako kupitia kwako. Si haki kumbebesha binti anayeishi kwa posho, katika nchi ngeni, kazi ya kuomba fedha kwa watu ambao ndio kwanza anajaribu kuwa ndugu yao. Ukianza kuomba, kila mwaliko wa chakula utakuwa na kivuli, wao watajiuliza unawapendea nini, na wewe utajiuliza vivyo hivyo. Uhusiano wa sharika kati ya Tanzania na Ujerumani una kamati zake huku na huko, na maombi ya fedha hupitia ofisi ya dayosisi ili yajadiliwe na kukaguliwa. Waandikie nyumbani kwa unyenyekevu kwamba jambo hilo lipelekwe ofisini, na kwamba umeshauriwa usilibebe. Ukiwa huko na mtu akakuuliza mwenyewe kuhusu jengo lenu, mweleze ukweli wote, kisha umwelekeze kwenye kamati.

Kazini kwako hali ni tofauti, kwa kuwa chekechea ni ya halmashauri. Usiwafundishe watoto kusali bila idhini ya wazazi wao, hata kama nyumbani ndivyo ulivyozoea. Mtoto akikuuliza kwa nini umefumba macho kabla ya kula, mjibu kwa sentensi moja ya kweli. Wenzako wasioamini huenda wakakuuliza mengi kuhusu imani yako kuliko watu wa kanisani, kwa sababu kwao wewe ni kijana wa kwanza kumfahamu anayekwenda kanisani kwa kupenda.

Mwisho, ishike kalenda yao. Jumapili ya kwanza ya Oktoba ni shukrani ya mavuno, na utaona maboga, mikate na viazi mbele ya madhabahu. Tarehe 31 Oktoba ni Siku ya Matengenezo, ambayo kwenu huko ni sikukuu ya mapumziko ya jimbo, na Jumatano iliyo siku kumi na moja kabla ya Majilio ni siku ya toba na sala, ambayo Sachsen ndilo jimbo pekee lililoihifadhi kuwa siku ya mapumziko. Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa husomwa majina ya waliofariki mwaka huo na kuwashiwa mishumaa. Nenda, hata kama hukumfahamu hata mmoja, na ukae na wafiwa. Tarehe 24 Desemba kanisa litajaa hadi mlangoni, wasio washiriki nao watakuja kutazama igizo la kuzaliwa kwa Yesu, na mazoezi ya igizo hilo huanza mwezi wa Novemba, wakati ambapo mwalimu wa watoto anatafuta wasaidizi. Wewe uliyefundisha shule ya Jumapili usisubiri kuitwa. Ijumaa ya kwanza ya Machi ni siku ya maombi ya dunia ya wanawake, ile ile inayoadhimishwa na akina mama wa kwetu; liturujia ya mwaka 2026 iliandaliwa na wanawake wa Nigeria. Akina mama wa madhehebu mbalimbali hupika, huimba na huisoma liturujia hiyo pamoja.

Swali. Mchungaji, mimi ni Mmoraviani wa Mbeya na ninajiandaa kwenda Ujerumani kujitolea. Wenzangu wananiambia nisiandike dini yangu nitakapojiandikisha serikalini kwa sababu nitakatwa kodi ya kanisa. Je, ni kweli? Na Wamoraviani nitawapata wapi? — Kijana wa Mbeya

Jibu. Kodi ya kanisa ipo, lakini haitakugusa. Inahesabiwa kutoka kwenye kodi ya mapato ya mtu, kwa asilimia 8 katika majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg na asilimia 9 katika majimbo mengine. Asiyedaiwa kodi ya mapato hana cha kukatwa, na posho ya anayejitolea haitozwi kodi hiyo. Andika ukweli. Mtu anayejiandikisha kuwa ni wa Kanisa la Kiinjili huingizwa katika daftari la usharika wa mahali anapoishi, na hivyo mchungaji hupata habari kwamba upo. Kijana anayeficha dini yake huanza mwaka wake kwa kujificha asionekane na watu ambao wangemtembelea. Ukitaka kubaki katika kanisa lako tu, mweleze karani jina lake kamili, wala usiache nafasi wazi. Ikiwa baada ya mwaka wako utapata mafunzo ya kazi yenye mshahara, jambo hili ulitazame upya, maana hapo kodi itaanza.

Wamoraviani wa Ujerumani ni wachache, lakini chimbuko lao liko Herrnhut, mji mdogo wa Sachsen ulioanzishwa mwaka 1722, ambako ndiko ulikotoka mwendo uliowafikisha wamisionari wao Rungwe mwaka 1891. Kama utapangiwa mbali na huko, sali na usharika wa Kiinjili wa jirani bila wasiwasi. Beba kitabu chako cha Neno la kila siku kwa Kiswahili. Mistari yake ya Agano la Kale huchaguliwa Herrnhut kwa kura, maandiko hayo yamechapishwa kila mwaka tangu 1731, na Walutheri wengi wa Ujerumani huyasoma asubuhi wanapokula. Utamkuta mwenyeji wako amefungua mstari ule ule uliousoma wewe, na mazungumzo yatakuwa yameshaanza.

Swali. Shikamoo Mchungaji. Mwanangu anajitolea katika nyumba ya wazee huko Ujerumani. Kila Jumapili ninapompigia simu ananiambia hakwenda kanisani kwa sababu alikuwa zamu. Nina hofu amepoa, na sijui nimwambie nini. — Mama wa Machame

Jibu. Marahaba, mama yangu. Hofu yako ni ya mzazi, nami siidharau. Hata hivyo zamu za Jumapili ni za kweli, kwa kuwa wazee wanahitaji kuogeshwa na kulishwa siku zote saba, na mtoto anayelala Jumapili mchana baada ya zamu ya alfajiri hajapoa. Ninakuomba usianze simu kwa swali la kanisa. Akiulizwa hilo kila juma atajifunza kukupa majibu mafupi, na baadaye hatapokea.

Muulize badala yake kama nyumba hiyo ina ibada yake ya ndani. Nyumba nyingi za wazee, na hasa zile za kanisa, hutembelewa na mchungaji au msaidizi wa ibada katikati ya juma, na mtu wa kuwasukuma wazee kwenye viti vyao hadi ukumbini, kuwafungulia kitabu cha nyimbo na kukaa nao hadi mwisho huhitajika sana. Wazee waliokwisha kusahau majina ya watoto wao bado huimba beti zote za nyimbo za utotoni. Mwambie mwanao aiombe kazi hiyo kwa msimamizi wake, iingizwe katika ratiba yake. Vilevile anayepanga zamu anaweza kuombwa mapema amwachie Jumapili moja au mbili za mwezi, na kwa kawaida ombi linalotolewa kwa utaratibu husikilizwa. Vijana wetu hunyamaza kwa kudhani kwamba kuomba ni utovu wa adabu.

Jambo la pili, mama, muulize anakula na nani chakula cha jioni. Ikiwa anakula peke yake chumbani kila siku, hilo ndilo la kuhofia zaidi, na hapo mjulishe mratibu wake wa huko, ambaye ni wajibu wake kufuatilia, wala usione kwamba unamshtaki mtoto. Katika mwaka wake vijana hawa wana siku zisizopungua 25 za semina, ambako hukutana na wenzao wa mataifa mengine; muulize alikutana na nani, na ni yupi kati yao anayeishi karibu naye. Jumuiya yenu nayo ikikutana, mrekodini wimbo mmoja mkiimba wote, mtumieni kwa simu, na msimwombe chochote.